Saa Imetengenea Lini? Sikio la Homa Bay, Madirisha ya Jura na Meza ya Anayejifunza Nyumbani

Fundi saa wa kando ya barabara mjini Homa Bay haanzi na bisibisi. Anaanza na sikio. Mteja akimkabidhi saa ya kutia ufunguo, au Seiko ile inayojijaza kwa mwendo wa mkono, fundi huitikisa kidogo, akaileta sikioni, akasikiliza, kisha akaigeuza kioo chini na kusikiliza tena. Mlio ukibadilika saa ilipogeuzwa, amekwisha kupata fununu: pengine ncha ya mhimili imelika upande mmoja, pengine kispringi chembamba kinagusa mahali kisipotakiwa kugusa. Ndipo afungue mfuniko.

"Fundi, nitaipata lini?"

"Pitia jioni, mama. Utaikuta inatembea."

Jibu hilo la jioni ndilo lililonifanya niandike. Kwa fundi huyu saa imetengenea inapotembea mkononi mwa mwenyewe kabla jua halijatua. Katika shule za Uswisi haijatengenea mpaka isimamishwe, ilazwe na kugeuzwa mbele ya mashine ya kupimia, na hesabu zake ziandikwe. Kwetu sisi tunaojifunza nyumbani bila kutafuta riziki, imetengenea pale tunapoweza kueleza kwa nini ilikuwa imesimama. Mapokeo haya nimeyafuatilia kwa muda mrefu, na naona wazi kwamba wepesi wa vidole hautofautiani sana. Kinachotofautiana ni kile ambacho mtu hutaka kukiona ndipo aseme basi, imetosha. Anayeanza leo Migori au Homa Bay asipolijua hilo, atamdharau mwalimu aliye hatua chache kutoka mlangoni pake.

Tuitazame mashine yenyewe. Springi kuu imejikunja ndani ya kipipa kidogo. Inapojikunjua husukuma safu ya magurudumu yenye meno, na mwisho wa safu hiyo kuna gurudumu ambalo lingezunguka ovyo kama lisingezuiwa na uma mdogo wenye vijiwe viwili vya rubi. Uma unaachilia jino moja, unazuia linalofuata, unaachilia tena. Anayeuamrisha ni gurudumu linaloyumba huku na huku, likirudishwa kila mara na kispringi ambacho Mholanzi Christiaan Huygens alikitangaza mwaka 1675. Saa nyingi za mkono za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kila sekunde. Mashine ya 4R36, iliyomo katika Seiko 5 Sports za siku hizi, hupiga mara 21,600. Kwa siku nzima hayo ni mapigo 518,400. Saa inayopoteza nusu dakika kwa siku imekosea sehemu moja tu kati ya 2,880, nasi huwa tunasema imeharibika.

Kabla ya kuondoa chochote katika saa ya kutia ufunguo, springi hulegezwa. Unashika kichwa cha ufunguo kwa vidole viwili, unasukuma kando kijino kinachozuia gurudumu la springi lisirudi nyuma, halafu unaacha kichwa kiteleze polepole kati ya vidole mpaka nguvu iishe. Ukiuondoa uma wakati springi bado imejaa, safu nzima ya magurudumu huzunguka kwa kasi kwa mpigo mmoja, na mihimili ambayo ncha zake nyingine zina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita huweza kuvunjika. Baadaye, kila kitu kimeoshwa na kurudishwa mahali pake, unatia ufunguo mizunguko michache na kuugusa uma kwa ncha ya kijiti laini. Uma ukiruka upande wa pili kwa uchangamfu, nguvu inafika. Ukijivuta, kuna uchafu njiani, na kuendelea mbele ni kupoteza muda.

Linalobaki ni gurudumu linaloyumba. Linaning'inia kwenye daraja lake kwa kile kispringi, na kijiwe kilicho chini yake sharti kiingie katikati ya uma. Unalishusha, unalizungusha kidogo, unatafuta tundu la chini kwa ncha usiyoiona, ukiongozwa na kile kibano kinachokuambia vidoleni. Skrubu hukazi bado. Likikaa sawa linaanza kuyumba lenyewe, skrubu ikiwa ingali mezani, na saa iliyokuwa kimya miaka mingi inalia mbele yako. Kazi chache za mikono hutoa jibu la wazi na la haraka namna hiyo.

Mpaka hapo fundi wa Homa Bay, mwalimu wa Uswisi na mtu wa nyumbani wanakubaliana. Wanaanza kutofautiana kwenye kuosha na kwenye mafuta.

Vitabu vya ufundi, kama kile cha Mwingereza Donald de Carle kiitwacho Practical Watch Repairing cha mwaka 1946, humlea mwanafunzi katika nidhamu kali: kila kipande kioshwe peke yake, kila tundu la rubi lisafishwe kwa kijiti kilichochongwa ncha, na mafuta yawe ya aina mbalimbali. Mazito ni ya sehemu zinazokwenda polepole zikibeba nguvu nyingi, mepesi ni ya zile zinazokwenda haraka zikibeba kidogo. Tone lenyewe huwekwa kwa sindano maalumu, likakaa katikati ya kijiwe bila kutambaa. Likizidi, huvutwa na chuma kilicho jirani na tundu hubaki kavu. Likipungua, hukauka mapema. Fundi wa barabarani ana bakuli dogo la petroli au mafuta ya taa, brashi, na mara nyingi kichupa kimoja cha mafuta ya cherehani kwa mashine nzima. Mwenye kitabu akiona hivyo hushika kichwa.

Mimi sitamtetea fundi kwa jambo lisilofaa. Mafuta ya cherehani hutambaa, hukusanya vumbi, na saa hurudi mezani kabla ya wakati wake. Petroli karibu na jiko la muuza chai ni hatari, na mtu wa nyumbani asiige kabisa. Lakini nauliza: kwa kipimo cha nani? Chupa ya mafuta ya Uswisi ni ndogo kama kifundo cha kidole na bei yake hailingani na ujira wa kazi moja ya barabarani. Mteja hakuja kununua usahihi wa miaka mitano. Amekuja kununua jioni ya leo, naye fundi anamuuzia kitu hicho kwa uaminifu. Dosari iko kwa yule anayechukua njia ya barabarani na kuiita matengenezo kamili.

Watu husahau kwamba Uswisi nayo ilianzia shambani. Katika milima ya Jura, ambako theluji hufunga njia, familia za wakulima zilitumia majira ya baridi kuchonga vipande vya saa nyumbani. Nyumba moja ilichonga magurudumu, nyingine springi, nyingine skrubu, kisha mfanyabiashara akakusanya vyote na kuviunga. Hadithi ya kule humtaja kijana Daniel JeanRichard, ambaye mwishoni mwa karne ya 17 aliletewa na mpita njia saa ya Kiingereza iliyoharibika, akaitengeneza, kisha akajiundia ya kwake. Iwe ilikuwa hivyo au imetiwa chumvi, ni kweli kwamba jamii ile inajivunia mwanzilishi aliyejifunza kwa saa mbovu ya mgeni, pasipo shule wala cheti. Kituo cha mafunzo cha WOSTEP mjini Neuchâtel kilianzishwa mwaka 1966 tu, karibu miaka 300 baada ya kijana huyo.

Mji wa La Chaux-de-Fonds uliungua mwaka 1794, ukapangwa upya kwa mitaa iliyonyooka ili kila meza ya fundi ipate mwanga wa dirisha. Karl Marx aliutaja katika Capital mwaka 1867 kama mji mzima uliogeuka kiwanda kimoja, na mwaka 2009 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia pamoja na jirani yake Le Locle. Yale madirisha marefu yaliyopangwa safu kwa safu yalikuwa vita dhidi ya giza la baridi, mchana wa mwishoni mwa Desemba ukidumu kama masaa nane na nusu tu. Homa Bay haina shida hiyo. Jua huja kabla ya saa moja asubuhi kila siku ya mwaka, na fundi hupata mwanga bure chini ya mwavuli wake. Hata kwa kimo hatukupitwa: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mji ule wa Uswisi uko kwenye mita 1,000 hivi. Wao walijenga ukuta wenye dirisha ili wapate mwanga. Sisi tumepata mwanga, ila ukuta wa kuzuia vumbi hatuna.

Na vumbi hapa si vumbi tu. Katika machimbo ya Nyatike na Macalder, Kaunti ya Migori, wachimbaji wadogo husaga miamba yenye dhahabu, na sehemu kubwa ya mwamba huo ni kwazi (quartz). Kwazi ni gumu. Chembe zake zikiingia kwenye mafuta ya saa hufanya kazi ya tupa, zikila mhimili wa chuma kila unapozunguka. Zebaki inayokamatia dhahabu hushambulia pia vitu vilivyopakwa dhahabu na vile vya shaba, kwa hiyo saa haifai kuwa mkononi mwa anayeshika zebaki. Ukishuka ziwani, Mbita au Rusinga, adui ni mwingine. Maji ya ziwa hayana chumvi, lakini mpira unaoziba kichwa cha ufunguo hukakamaa kwa miaka ya joto na jasho, unyevu huingia, na kutu huanzia kwenye mhimili wa kichwa hicho kabla ya kuenea ndani. De Carle hakuandika sura kuhusu wavuvi wa omena. Fundi wa Homa Bay akiona doa la kahawia kando ya kichwa cha ufunguo, anajua kinachomsubiri ndani.

Yapo mapokeo mengine ambayo wasomi wa saa wa Ulaya huyapitia juu juu, ingawa sisi tunaoishi kwa hesabu ya Kiswahili tuna undugu nayo. Mwaka 1559 Taqi al-Din, mzaliwa wa Damascus ambaye baadaye alisimamia kituo cha kutazama nyota mjini Istanbul, aliandika kitabu kizima kuhusu saa za mashine. Katika dola ya Uturuki ya wakati ule siku ilianza jua linapozama, na saa ilirekebishwa ili ionyeshe kumi na mbili magharibi. Istanbul jua huzama mapema wakati wa baridi na kuchelewa sana wakati wa kiangazi, kwa hiyo mwenye saa aliisogeza kidogo kila siku. Zingatia maana yake kwa fundi: saa inayopoteza dakika moja kwa siku haikuwa na dosari kubwa, maana mbingu ingeisahihisha jioni ileile. Kipimo cha wema wa saa hakikuwa ndani ya saa peke yake. Kilikuwa kati ya saa, mwenyewe na upeo wa macho.

Hapa ikweta magharibi haihamihami namna hiyo. Homa Bay jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, tofauti ya kama nusu saa tu, kwa hiyo hesabu inayoanzia machweo na macheo imetukaa bila usumbufu. Hata hivyo saa rasmi ya Kenya imefungwa kwenye nyuzi 45 za mashariki, nayo Homa Bay iko karibu na 34 na nusu. Jua la adhuhuri hufika utosini yapata saa sita na dakika 40. Mzee wa Kendu Bay anayesema redio na jua havipatani ana hoja ya kijiografia. Hata kwa watengenezaji kipimo si kimoja. Bodi ya Uswisi ya kupima saa, COSC, huichunguza mashine kwa siku 15, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto, na kuikubali ikiwa kwa wastani haikawii zaidi ya sekunde nne wala kutangulia zaidi ya sita kwa siku. Seiko wenyewe, kwa ile 4R36, huruhusu kuanzia kukawia sekunde 35 hadi kutangulia 45. Saa mbili zilizo sahihi kwa sheria ya watengenezaji wake zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya dakika moja katika siku moja. Kwa hiyo mtu wa nyumbani anayejitesa kwa sekunde tatu ajiulize kwanza anamfuata nani.

Turudi kwa fundi wetu na namna alivyojifunza. Kenya ina neno lake kwa ufundi wa aina hii, jua kali, na ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ndiyo iliyowafanya wachumi wa dunia nzima kuutazama kwa heshima. Kenneth King, aliyeufuatilia kwa miongo kadhaa, alionyesha jinsi kijana anavyokaa kando ya fundi, akitumwa, akitazama, akipewa kazi ndogo, kisha kubwa. Katika saa mpango huo una nguvu ambayo kitabu hakiwezi kuifikia: unafundisha kutambua ugonjwa. Kitabu huanza na saa moja safi juu ya meza. Fundi huanza na watu wanaokuja na saa zilizoloa, zilizoanguka na zilizofunguliwa kwa kisu nyumbani. Kando yake ana mkebe wa mashine zilizokufa, chimbuko la vipuri vyake, na anajua gurudumu la ipi linaingia katika ipi. Udhaifu wa mpango huo ni kwamba sababu hazisemwi. Kijana anaonyeshwa kwamba uma haupakwi mafuta mihimilini, lakini haambiwi kwamba ni mwepesi mno kiasi cha kulemewa na ute wa mafuta. Siku atakapokutana na jambo asiloonyeshwa, hana pa kushika.

Kuna ukuta katika Kaunti ya Migori unaonisaidia kulifikiria jambo hili. Thimlich Ohinga, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, umejengwa kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, kwa kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu. Jamii zilizofuatana ziliishi ndani yake, kila moja ikiyarudishia mawe yaliyoanguka. Waliweza kwa sababu hakuna kilichogandishwa: mtu ambaye hakuwapo ukuta ulipojengwa anaweza kuutazama, akaelewa jiwe hili linabeba lipi, akalirudisha. Saa ya springi imeundwa kwa desturi hiyohiyo. Imeshikwa kwa skrubu, nayo inaweza kufunguliwa na kijana aliyezaliwa miaka 50 baada ya aliyeifunga. Simu iliyoichukua nafasi yake imegandishwa kwa gundi.

George Daniels, Mwingereza aliyefariki mwaka 2011, alianza kwa kutengeneza saa za watu kabla hajawa bingwa. Aliufanya mkono mmoja uweze kazi zote ambazo Jura ilizigawa kwa kijiji kizima, na mwaka 1981 akatoa kitabu, Watchmaking, akieleza kila hatua. Mfumo wake mpya wa uma na gurudumu ulichukuliwa na Omega mwaka 1999. Namheshimu zaidi kwa kuandika kuliko kwa kuvumbua. Fundi wetu ana maarifa ya mkono ambayo hayajaandikwa popote, si kwa Kiswahili, si kwa Dholuo, na yeye akifunga mwavuli kwa mara ya mwisho yanaondoka naye.

Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ilitoa Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwazi kuuzwa, na ndani ya miaka 15 hivi ajira za saa Uswisi zilishuka kutoka takriban 90,000 hadi karibu 30,000. Uswisi ilijiokoa kwa kuigeuza saa ya springi kuwa pambo la wenye nacho, na mwaka 2020 UNESCO ikautambua ufundi wa Jura kama urithi usioshikika, kwa ombi la Uswisi na Ufaransa. Hapa kwetu wimbi lilikuja kwa betri za bei nafuu, kisha kwa simu ya mkononi, na mafundi wengi niliowaona sasa wanabadilisha betri na mikanda. Hata hivyo simu hiyohiyo ina kipaza sauti, na zipo programu zinazosikiliza mlio wa saa na kuchora mapigo yake kwenye kioo. Mstari ukipinda saa inapogeuzwa, programu imeona kile ambacho sikio la fundi lilikisikia bila chaji.

Kwa hiyo wewe uliyeko Rongo, Oyugis, Awendo au Mbita, unayetaka kujifunza, usianze na saa ya marehemu baba yako. Usikwangue pia rangi ya kung'aa gizani kwenye uso wa saa za kabla ya miaka ya 1970, maana huenda ni radiamu. Nenda kwa fundi, msalimie kama mzee wako, mnunulie mashine moja iliyokufa kutoka kwenye mkebe wake, na umlipe pia muda wake akufundishe kusikiliza kabla hujashika bisibisi. Andika anayokuambia, kwa lugha anayoitumia. Nawe utakaporudi mara ya pili, mpelekee kichupa cha mafuta mepesi ya saa na umweleze kwa nini.